Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa: wachanaji chipukizi wapo mikoani, njooni muwasikilize

Ndugu Katibu Mtendaji, shikamoo.

Nakuandikia toka Kihonda, Morogoro. Mi si msanii wala si meneja wa mtu, nina chumba kimoja tu nimekigeuza studio, kompyuta moja, maiki moja, godoro nimelisimamisha ukutani na trei za mayai nimezigundisha kwenye dari ili sauti isirudi, na madogo wa mtaani wanakuja kurekodi jioni wakishatoka kwenye mishe zao. Miaka saba sasa nafanya hii kazi na karibu wote wanaokuja ni wa rap, sijui ni maji ya Uluguru au nini ila mji huu unazaa watu wa mistari.

Nianze na shukrani maana zinastahili. Tuzo zetu za muziki zilizimika baada ya 2015, zile za Kilimanjaro tulizokuwa tunazijua toka 1999, ikapita miaka na miaka nchi nzima yenye muziki mkubwa hivi haina tuzo zake yenyewe, wasanii wanasubiri kutajwa za nje ndo wajione wamefanya kazi. Mkazirudisha Aprili 2022 pale ukumbi wa Julius Nyerere, na ile siku mi niliikesha hapa studio na madogo kama sita, simu moja tumeiegemeza kwenye chupa ya maji tunaangalia. Kwahiyo sijaandika kubeza, naandika kwa sababu nataka hizi tuzo ziishi na nataka zimfikie mtu ambaye hajawahi kufikiwa na kitu.

Kuhusu matokeo yenyewe sina ugomvi na waliobeba. Watu kila mwaka wanaamka asubuhi yake kutukana washindi na mi sipendi hiyo tabia, mtu kafanya kazi yake, kashinda, mpe mkono. Young Lunya kwa mfano, ukimweka kwenye biti yoyote anajua anachofanya, pumzi ipo, vina vinaanguka pale pale anapotaka, huyo hata wasiompenda wanajua. Ishu yangu ipo kabla ya jina kusomwa. Ipo kwenye nani aliingia kwenye kapu la wateule na nani hakujua hata kama kapu lipo.

Hebu rudi nyuma kidogo tuangalie zile tuzo za zamani kipengele cha msanii bora wa hip hop. 2012 Roma, mtu wa Tanga. 2013 Kala Jeremiah, Mwanza. 2014 Fid Q, Mwanza tena. 2015 Joh Makini, Arusha. Miaka minne mfululizo kipengele kinaenda kwa mtoto wa mkoani! Na chipukizi wa 2014 alikuwa Young Killer, nae Mwanza. Kabla ya hapo kabisa, 2004, taji la Mfalme wa Rhymes lilikuja hapa kwetu Moro kwa Afande Sele, na watu wazima wa mtaani hadi leo wanaliongelea kama vile ni kombe la mpira. Sa mtu akikwambia hip hop ya nchi hii ni ya Dar muoneshe hiyo orodha. Ila kila mmoja wa hao ilibidi kwanza Dar imkubali ndo nchi ijue kuwa yupo, na hapo ndo penye tatizo langu, kwa sababu kwa kila mmoja aliyekubaliwa mi naamini kuna wengine wengi wamerudi na basi la usiku, wakaoa, wakanunua bodaboda kwa mkataba, na daftari la mistari likabaki chini ya godoro.

Nikupe mfano mmoja. Nina dogo hapa, jina silitaji maana hajanituma, anakaa mtaa wa Chamwino hapa hapa Moro, ana miaka ishirini na moja, mchana anaendesha boda pale stendi ya Msamvu na mama yake anauza nyanya soko la Mawenzi. Huyu dogo alikuja mwaka jana mwezi wa sita, saa mbili usiku, kavaa reflekta bado, akasema bro nina mistari ila sina hela leo, nikamwambia ingia. Nikazima feni maana feni inaingia kwenye maiki, chumba kikawa kama tanuri, yeye kasimama hapo jasho linamtoka na akachana hivi:

Mama anapanga nyanya fungu tano tano sokoni
Mi napanga vina navyo vinaniozea mkononi
Jioni yeye anashusha bei asirudi nazo nyumbani
Mi nishushe nini na hakuna alouliza bei jamani

Akaendelea mistari kumi na sita nyingine bila kusoma popote, na alipofika katikati ya vesi ya pili luku ikakata. Giza. Na hakunyamaza, akamalizia vesi yote gizani bila biti, anapiga tu goti lake kwa kiganja. Mi nimesikiliza rap tangu nikiwa mdogo, kaseti za kaka yangu, nakwambia ile vesi ya gizani sijawahi kuirekodi na inaniuma hadi leo, alivyorudia kesho yake umeme ulipokuwepo ilikuwa nzuri ila haikuwa ile.

Wimbo ulipokamilika tukaupeleka redio moja, sitaitaja. Mtangazaji akausikiliza dakika moja akasema mkali sana huyu, halafu akasema alete laki moja na nusu ya kuusukuma. Laki na nusu! Dogo anapeleka hesabu ya boda kila siku na inayobaki ni ya chakula. Akacheka tu akaichukua flashi yake tukaondoka. Akasema ataenda Dar mwenyewe, treni ya SGR daraja la kawaida ni 13,000 kwahiyo nauli si kitu tena kama zamani, akaenda mara tatu, kila mara anarudi anasema nimeambiwa niache namba.

Sasa nambie mkuu, huyu ataingiaje kwenye tuzo? Kura zinapigwa mtandaoni, na kura za mtandaoni zinataka bando, zinataka watu wa kukumbusha watu kila siku kapigeni kura kapigeni kura, zinataka lebo yenye vijana wa kukaa na simu. Mashabiki wa huyu dogo ni madereva boda wa kijiwe kimoja, wauza mboga, na wanafunzi wa sekondari ambao simu wanaazima. Wanaijua mistari yake yote kwa kichwa, nimewaona kwa macho yangu wakiichana kwa pamoja kijiweni wakisubiri abiria, ila kwenye hesabu ya kura hawapo kabisa.

Na rap sio kitu cha kupimwa kwa watazamaji wa video peke yake, hapa naomba unielewe vizuri. Wimbo wa kuchezeka unaweza kuupima kwa vile watu wanavyoucheza, sawa, hiyo ni haki yake. Rap ni maneno. Mtu kama Dizasta Vina anakupa kisa kizima, ina watu ndani yake, ina kosa, ina hukumu, unahitaji kukaa chini usikilize mara tatu ndo uone alipoficha kitu. Kazi ya namna hiyo inahitaji majaji waliokaa wakasikiliza, na majaji wanaojua tofauti ya kina na kelele. Unaweza kuwa na kura za mashabiki, sikatai, watu lazima wawe na sauti, ila kwenye hip hop majaji ndo wabebe uzito mkubwa na watuambie kwanini wamempa huyu.

Halafu hili neno chipukizi. Kila mwaka tunabishana hapa studio, mtu kaachia nyimbo miaka mitano, kafanya kolabo na mastaa, wafuasi mtandaoni hawahesabiki, halafu anaitwa chipukizi. Wekeni kigezo cha wazi kila mtu akione kabla ya msimu, mfano isizidi miaka miwili tangu atoe kazi ya kwanza na asiwe amesaini lebo kubwa, mkiwa na kigezo bora zaidi ya hicho wekeni hicho, ila kiwepo kimeandikwa. Mti ulioshazaa matunda huwezi kuuita mche.

Ninachoomba mimi hakihitaji mabilioni. Angalia UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari. Mtoto anakimbia shuleni kwao kata huko, akishinda anaenda wilaya, wilaya inampeleka mkoa, mkoa unampeleka taifa, na tumepata wanamichezo kwa njia hiyo miaka yote. Kila halmashauri ina afisa utamaduni, ana ofisi, anajulikana. Mpeni kazi ya kuandaa mchujo wa rap mara moja kwa mwaka, uwanja wa shule unatosha, spika mbili, maiki moja, na vesi ya kwanza ichanwe bila biti kabisa maana hapo hakuna pa kujificha, huwezi kubebwa na prodyuza wala na sauti ya kompyuta. Majaji watoke nje ya wilaya ili asipite mtoto wa shangazi. Washindi wa mikoa ndo wawe wateule wa kipengele cha chipukizi wa hip hop, kura za mtandaoni zianzie hapo, wakiwa wote wamesharekodiwa kwa kiwango kimoja na wimbo mmoja mmoja umepigwa hewani bila laki na nusu ya mtu.

Sitaki pia kukudanganya kwamba huku mikoani kila anayeshika maiki ni kichwa. Nusu ya wanaokuja kwangu hawajaiva, wengine wanaiga lafudhi za Marekani hadi huelewi kasema nini, wengine ni matusi na majigambo ya hela ambazo hawana, nawaambia ukweli na wananuna wanahama studio. Ndo maana nataka mchujo. Mchujo unamsaidia hata anayeshindwa, anarudi nyumbani anajua alipozidiwa, sio sasa hivi kila mtu anaamini kafanyiwa figisu tu. Na mabinti usiseme. Kuna binti mmoja hapa, mwanafunzi wa chuo, anachana kwa utulivu kama mtu anakusimulia habari za msiba, taratibu, halafu neno la mwisho ndo linakuchoma. Nilimwuliza kwanini hatumi kazi zake popote akasema kaka nitume wapi. Sikuwa na jibu la maana.

Na kama kuna kipindi hili linawezekana ni hiki, maana rap imeshaingia bungeni na serikalini. Mikumi, mkoani kwetu hapa hapa, iliwakilishwa bungeni na Professor Jay 2015 hadi 2020. Sugu alikaa bungeni miaka kumi kwa ajili ya Mbeya Mjini. Nikki wa Pili aliteuliwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe 2021. Mwana FA, mbunge wa Muheza, akateuliwa naibu waziri kwenye wizara ya sanaa yenyewe 2023. Hawa watu waliwahi kukaa kwenye chumba kama changu wakisubiri zamu ya maiki, wanajua joto lake. Ukilipeleka hili wazo mezani kwao hutahitaji kuwaeleza mstari ni nini.

La mwisho kabla sijakuchosha, matokeo. Jina likisomwa jukwaani tunaomba kesho yake tuwekewe hadharani idadi ya kura za kila mteule na alama za majaji, vipengele vyote. Kama dogo kapata kura mia mbili na mshindi kapata laki tano, sawa, ajue ni mia mbili, atazitafuta hizo mia mbili zilikotoka aanze nazo. Hesabu ikiwa wazi na zile kelele za kila mwaka za nani kabebwa zitapungua zenyewe.

Huku kwetu Jumamosi jioni huwa tunatoa spika nje ya studio tunafanya saifa, madogo wanasimama duara wanachana zamu kwa zamu mpaka saa tatu ya usiku ambapo majirani wanataka kulala. Ni mji wa wanamuziki wale wa zamani Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe huu, watu wakisikia muziki wanatoka, mama wa jirani anakuja na kiti chake kabisa. Ukipata nafasi siku moja panda treni uje, au mtume mtu wako yeyote mwenye masikio, usitangaze wala usije na kamera. Simama tu nyuma kule gizani na usikilize. Yule dogo wa Chamwino huwa anachelewa kidogo kwa sababu ya abiria wa mwisho pale Msamvu, kwahiyo usiondoke kabla ya saa mbili na nusu.

Wako,
mwenye studio ya chumba kimoja, Kihonda, Morogoro