Kabla ya gundi ya kwanza, fremu zinyooke

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na naomba usinikate sana maana jambo lenyewe ni la vipimo, ukikata kipimo kimoja mtu huko anaharibu mbao zake.

Makala za ufundi wa nyumbani siku hizi zinaonyesha watu wanajenga kayaki za mbao (mitumbwi myembamba ya kasia) gereji au uani, zile za fito nyembamba zinazobandikwa ubavu kwa ubavu juu ya fremu, yaani vibao vilivyokatwa kwa umbo la chombo na kusimamishwa kwenye boriti, alafu zinafunikwa faibaglasi na epoksi. Picha nzuri sana, vanishi inang'aa mpaka unajiona uso. Lakini hatua ya kupanga fremu inapitwa kwa sentensi moja tu, "funga fremu kwenye boriti kisha anza kubandika". Hapo ndo pana kazi yote bwana! Vanishi hata asiyejua ataweza. Na fremu zenyewe hazibaki ndani ya chombo, zinatolewa ukishamaliza, ila makosa yake yanabaki humo milele kwa sababu epoksi ikishakauka umbo limefungwa, hakuna tena cha kunyoosha.

Kayaki ya mita 5 hivi ina fremu kama 15, zimeachana sentimita 30 au karibu na hapo, fito zake unene milimita 6. Sasa fremu moja ikichomoza milimita 3 unaona ni kidogo, si ndio? Ufito utapanda juu yake na nje utaona kinundu, na wewe utachukua msasa ukisawazishe, ukimaliza pale umebaki na mbao ya milimita 3, nusu ya ulichoanza nacho. Wanaosema "msasa utarekebisha" wapige hesabu hiyo kwanza.

Kitu ambacho sioni kikiandikwa kabisa ni fremu ikae upande gani wa mstari. Unachora mistari kwenye boriti kila sentimita 30, sawa, lakini fremu ina unene, tuseme plaiwudi ya milimita 12, sasa unene huo uende wapi? Uende upande wa katikati ya chombo. Yaani uso wa fremu unaotazama ncha ndo ukae juu ya mstari, omo (nusu ya mbele ya chombo) uso wa mbele, tezi (nusu ya nyuma) uso wa nyuma. Sababu ni kwamba kayaki inazidi kuwa nyembamba kuelekea ncha, kwa hiyo ukiweka unene upande wa ncha ile kona ya nje ya fremu inachomoza kuliko mwili wa kayaki unavyotakiwa kuwa pale na inausukuma ufito nje. Katikati hutaona tofauti sana ila karibu na ncha, ambako mwili unabana haraka, utaona. Na anaezipanga zote upande mmoja bila kugeuza pale katikati, nusu moja ya kayaki yake imekaa vibaya kwa unene mzima wa plaiwudi na wala hajui imetokea wapi.

Alafu pima maji. Mafundi wengi tunaiamini kuliko macho yetu, lakini pima maji inakwambia habari za fremu moja moja, haikwambii kama zote zimekaa kwenye msitari mmoja. Uzi ndo unaokwambia. Kila fremu iwe na alama ya senta, juu na chini, ichorwe kabla ya kukata maana baada ya kukata ni kubahatisha, kisha uzi mwembamba uvutwe toka ncha mpaka ncha, alama zote ziufuate. Ila uzi ni wa kushoto na kulia tu, usipimie kimo, kwa sababu uzi wa mita 5 unalegea katikati hata uuvute vipi. Kimo pima kwa leza, na kama huna leza chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ujaze maji, maji ya ncha mbili yanalingana yenyewe.

Kujisokota ndo ugonjwa mbaya zaidi. Fremu za mbele zimelala kidogo kushoto za nyuma kidogo kulia, kila moja peke yake inaonekana salama, na chombo kinatoka kimesokotwa kama kamba. Ukikiingiza majini kinavuta upande mmoja, hasa ukiacha kupiga kasia kiserereke chenyewe. Kuukamata ni rahisi tu, weka fito mbili zilizonyooka, moja kwenye fremu ya mbele moja ya nyuma, kwenye alama zile zile za mstari wa maji (pale maji yatakapofika ubavuni mwa chombo), simama mbali kidogo nyuma, fumba jicho moja, utaona kama zinakwenda sambamba. Kisha hamisha, fremu kwa fremu. Inachosha najua.

Mwisho unalaza ufito mrefu juu ya fremu tano au zaidi kwa pamoja bila gundi, na usikimbilie kusaga fremu unayoiona imechomoza! Soma kwanza. Imechomoza kushoto na kulia kuna pengo, basi imehama, irudishe. Imechomoza juu upande huu na chini upande ule, imezunguka. Imechomoza pande zote mbili, kagua kama imesogea toka kwenye mstari wake kuelekea ncha, ikiwa iko mahali pake ndo useme imekatwa kubwa na hapo sasa saga. Ikiwa pengo ni pande zote nayo iko sehemu yake, gundisha kipande chembamba cha mbao ukingoni. Kama boriti yako inapita ndani ya matundu ya fremu, matundu yawe na nafasi kidogo ya kuchomeka kabari, mi naona anaekata tundu la kubana kabisa anajinyima nafasi ya kurekebisha, na boriti ya mbao moja nzima huwa inapinda yenyewe unyevu ukibadilika, ya kuunganisha plaiwudi kama sanduku inatulia zaidi.

Kwa hiyo ombi langu mhariri, mkiandika tena habari hizi wekeni mchoro wa fremu ukionyesha alama za senta na upande wa unene, hata kama itabidi muondoe picha mbili za vanishi. Na gundi isitajwe mpaka aya ya mwisho.

Msomaji wako, fundi wa uani