Ile habari ya Mei niliikosea

Chicago, 17 Septemba

Shoga yangu Mwanahawa,

Salamu ni nyingi ila leo zisubiri. Hujambo? Mama goti lake? Haya. Kuna jambo limenikaa kooni tangu juzi.

Unakumbuka mwezi wa tano uliniuliza zile picha za kofia pana na bendera ni za nini, nami nikakujibu bila kupepesa macho kuwa ni uhuru wa Meksiko? Na wewe, mwalimu wa watu, ukaenda ukawaambia kidato cha pili. Shoga, si kweli. Tarehe 5 Mei ni siku Jenerali Zaragoza alipowatwanga Wafaransa pale Puebla, 1862. Na wenyewe walirudi mwaka uliofuata wakauteka mji mkuu! Mpishi mwenzangu kutoka Oaxaca, huko Meksiko, ambaye siku hizi ananiita "profesa", anasema shamrashamra za Mei ziko zaidi huku Marekani, bia inauzwa.

Uhuru wenyewe ulikuwa jana, na kelele zilianza usiku wa kuamkia. Magari yalipiga honi mtaani hadi saa nane, bendera zinapepea madirishani, sikulala. Kwao rais hutoka roshani ya Kasri la Taifa, hupiga kengele na kuita "Viva México!" mara tatu. Kengele hiyo ilitoka kanisa la mji wa Dolores. Ilihamishiwa hapo 1896. Ndiyo iliyolia alfajiri ya 16 Septemba 1810, Padri Miguel Hidalgo alipowaita watu wainuke dhidi ya watawala wa Kihispania. Wanaiita Yowe la Dolores. Mbiu ya mgambo hasa.

Lakini padri hakuuona uhuru. Walimpiga risasi Julai 1811, kichwa wakakitundika Guanajuato miaka kumi. Uhuru ulipatikana 27 Septemba 1821, na tarehe hiyo haina hata filimbi! Ni kama kwetu Saba Saba, TANU ilipozaliwa 1954, ingeimeza 9 Desemba yetu ya uhuru. Nikamuuliza profesa mwenzangu kulikoni. Akasema aliyeingia mjini siku ile kwa ushindi ni Iturbide, aliyewapiga waasi miaka mingi kabla ya kugeuka, kisha akajifanya mfalme. Nani ampigie kengele huyo?

Basi ndiyo hivyo, nimekuingiza mkenge. Ila kuna jambo la kuwafidia watoto: rais wao wa pili, Vicente Guerrero, alikuwa na damu ya Kiafrika, na alitangaza kukomesha utumwa 15 Septemba 1829. Mwaka huohuo wakampindua, na 1831 wakamuua. Sisi tulisoma historia miaka minne na jina lake hatukulisikia kamwe, au mimi ndiye nilikuwa nasinzia?

Usiku ule nilikula pozole, makande yao yenye mchuzi mwingi, juu kabichi na figili. Ya kuku, si ya nguruwe, usianze. Yale mahindi huchemshwa kwa chokaa kwanza mpaka maganda yanatoka, nami ninayasifu hivyo hivyo, ingawa nazi...

Sasa niambie: hiyo Mei uliiweka kwenye mtihani? Waliojibu Mei umewapa alama? Utawasahihisha au utaacha mpaka wasahau? Mkuu wako anajua? Na Fatuma amerudi Pangani, au bado ana hasira za mchezo wetu wa upatu? Zamu yangu ni mwezi gani?

Wako,
Zuhura