Barua ya wazi kwa vijana waliogombana juu ya kitabu cha askari

Wanangu,

Siku ile niliondoka bila kuwaaga vizuri, na nimesikia kwamba wengine mlidhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikosa la kusema. Mlikuwa kumi na mmoja, mmesoma kitabu kimoja, na kabla ya saa mbili kwisha kitabu hicho hicho kilikuwa kimeitwa ungamo, majigambo, ushujaa, uongo na usaliti. Mmoja wenu alitoka nje analia. Nimekaa na jambo hili siku kadhaa, na kwa kuwa siku hizi nikisema kwa muda mrefu sauti inanikatikia, nimeona niandike.

Nianze na ukurasa uliowagawa. Askari anaeleza jinsi alivyompiga risasi mtu aliyekuwa amekwisha kuinua mikono. Haombi radhi. Anasema miguu yake ilikuwa na baridi, kisha anasema kwamba jioni alikula na kulala. Binti mmoja akafunga kitabu na kusema mtu huyu mahali pake ni kizimbani. Kijana aliyekaa karibu naye akajibu kwamba angalau huyu amesema, wengi wamefanya hayo hayo na wakaenda nayo kaburini. Mkaanza kupigiana kelele kana kwamba mmoja lazima awe mkosa.

Mimi nasema wote wawili mlisema kweli. Kanuni za Hague za mwaka 1907, sheria za kimataifa za vita, zilikwisha kukataza kumuua adui aliyeweka silaha chini na kujisalimisha, na Mikataba ya Geneva ya 1949 ikasisitiza ulinzi huo. Hakuna askari anayeweza kusema hakuambiwa. Kukiri kwake hakumsafishi hata kidogo. Lakini bila ukurasa ule, yule mtu aliyeinua mikono angekuwa hayumo popote. Hatujui jina lake, hatujui alikuwa mtoto wa nani, na mahali pekee tunapoweza kumwona ni katika maneno ya aliyemuua. Hilo ndilo lililoniumiza nilipousoma, na hakuna aliyelitaja katika kelele zote zile.

Halafu mmoja wenu akatoa methali: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Alikusudia kuwanyamazisha wenzake ambao hawajaona vita. Nilikuona ukinitazama, mwanangu, ukitaka niitikie kwa sababu mimi nilikilalia kitanda hicho. Sikuitikia, na sasa nikuambie sababu.

Mwaka 1929 Mwingereza Robert Graves alitoa kitabu cha kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Kwanza. Hakuficha mengi. Waliomkasirikia zaidi hawakuwa raia waliokaa nyumbani. Rafiki yake Siegfried Sassoon, aliyepigana naye katika rejimenti moja, na Edmund Blunden, ambaye naye alipita katika mahandaki na alikuwa ametoa kumbukumbu zake mwaka mmoja kabla, waliichukua nakala moja ya kitabu kile na kujaza pambizo zake kwa masahihisho na maneno makali. Hawa wote walikilalia kitanda. Kunguni wanawajua. Na bado hawakukubaliana kitanda kilikuwaje.

Kwa hiyo methali ile haifungi mjadala huu. Ingekuwa kwamba aliyekwenda vitani anajua na asiyekwenda hajui, basi watu watatu hawa wangesoma kitabu kwa moyo mmoja.

Nimejiuliza mara nyingi Sassoon alikuwa anakasirikia nini hasa. Makosa ya mambo yaliyotokea yalikuwamo, ndiyo. Lakini kulikuwa na kipande kimoja kuhusu mama wa rafiki, mama aliyefiwa na mwanawe vitani, na jinsi alivyokuwa akijaribu kuwasiliana na roho ya marehemu. Jina halikutajwa. Sassoon akamtambua mama yake. Mdogo wake alikuwa ameuawa katika kampeni ya Gallipoli mwaka 1915. Alidai kipande hicho kiondolewe, na mchapishaji akakiondoa dakika za mwisho, kitabu kikiwa tayari kimechapwa. Graves aliona anaandika ukweli. Sassoon aliona mama yake anavuliwa nguo mbele ya watu.

Tangu nilipoifahamu habari hiyo nimekuwa nikifanya hivi, na ndiyo nasaha kubwa niliyo nayo kwenu: nikimwona msomaji amewaka kwa hasira juu ya kitabu cha vita, simwulizi kwa nini amekosea. Najiuliza anamlinda nani.

Maana kila mmoja wenu siku ile alikuwa anamlinda mtu. Binti wa kizimbani alikuwa anamlinda yule aliyeinua mikono, ingawa hakusema hivyo. Aliyesifu alikuwa anamlinda mwandishi, akiogopa kwamba tukimshambulia anayesema, wengine hawatasema tena. Na wewe uliyetoka unalia, uliyesema mwandishi ni msaliti kwa kuandika jinsi rafiki yake alivyokufa akiita mama kwa saa nyingi, wewe unaye baba yako. Sikuhitaji kuambiwa. Nawajua watoto wa askari wasiozungumza.

Hapo lazima niseme langu, kwa sababu si haki niwashauri huku nimejificha.

Nilipokuwa jeshini, kwa karibu miaka miwili kazi yangu ilikuwa ukarani wa kikosi. Niliandika barua za kuwaarifu wazazi. Kamanda alitia saini, lakini maneno yalikuwa yangu, na maneno yangu yalikuwa yale yale: mwanenu alipigwa na risasi, alifariki papo hapo, hakuteseka. Niliandika hivyo kwa waliofariki papo hapo na kwa wasiofariki papo hapo. Hakuna aliyeniamuru. Niliona ndiyo huruma pekee iliyobaki mikononi mwangu.

Miaka mingi baadaye nilikutana na mama mmoja kati ya wale. Alikuwa ameikariri barua yangu. Alinisomea kwa kichwa, bila kujua kwamba ni mimi niliyeandika, na alipofika kwenye “hakuteseka” alitulia kidogo kama mtu anayegusa kitu cha thamani. Mimi nilikuwapo siku ile. Kijana wake alipigwa mchana akafa usiku. Nilimsikiliza mama yule mpaka mwisho, nikamshukuru, nikaondoka.

Mpaka leo sijui kama nilitenda haki. Siku nyingine naona nilimpa usingizi. Siku nyingine naona nilimwibia saa za mwisho za mwanawe, ambazo zilikuwa mali yake kuliko zangu. Mwandishi wenu amechagua njia ambayo mimi sikuithubutu. Siwezi kumwita msaliti. Lakini nikimfikiria mama wa rafiki yake akiufikia ukurasa ule, siwezi pia kuwacheka wanaosema asingeandika.

Kwani barua kama zangu ni za zamani na zipo kila jeshi. Huyo huyo Graves alijeruhiwa vibaya kwenye mapigano ya Somme, Julai 1916, siku chache kabla hajatimiza miaka 21. Kamanda wake alimwandikia mama yake kwamba amefariki. Alikuwa hai. Alipona akaisoma habari ya kifo chake mwenyewe. Mtu aliyesoma maneno mazuri ya kijeshi juu ya maiti yake akiwa anapumua, sishangai kwamba baadaye hakuwa na subira na maneno mazuri.

Sasa kuhusu uongo. Ndugu yetu mpenda historia alileta orodha ya mahali ambapo mwandishi amechanganya tarehe na majina ya vilima, akasema kitabu chote kitupwe. Kazi hiyo uliyofanya ni nzuri na usiache. Alikuwapo Mfaransa, Jean Norton Cru, mwalimu aliyepigana Verdun, Ufaransa, katika Vita Kuu ya Kwanza, ambaye baada ya vita alikaa miaka akisoma kumbukumbu za askari wenzake, vitabu karibu 300, akilinganisha alichosema kila mmoja na mahali kikosi chake kilipokuwa siku hiyo. Alichapisha matokeo mwaka 1929. Aliwafichua waliopamba: milima ya maiti, mito ya damu, mapigano ya visu vya bunduki kila asubuhi. Waandishi mashuhuri walimchukia kwa hilo. Lakini alifanya kazi ile kwa ajili ya wale wengine, waliosema kwa uaminifu, ili sauti zao zisizamishwe na wapambaji. Kosa la kusahau tarehe na kosa la kubuni mauaji hakuyaweka mizani moja. Nawe usiyaweke.

Mwaka 1930 Graves mwenyewe aliandika kwamba kumbukumbu za mtu aliyepitia mabaya ya mahandaki haziwezi kuwa za kweli zisipobeba uongo mwingi ndani yake, kwa kuwa mizinga humfanya mtu yeyote kuwa mwongo kwa muda. Wapo wanaoliona neno hili kuwa kisingizio. Mimi nilikuwa chini ya makombora mara moja tu kwa urefu, na ningeapa kwamba yaliendelea usiku kucha. Daftari la kikosi, nililolijaza kwa mkono wangu mwenyewe, lilisema dakika arobaini.

Mlioguswa na swali la meno na saa walizovuliwa maiti, mlikuwa wachache, ila nitasema kidogo. Eugene Sledge, Mmarekani aliyepigana na Wajapani katika kisiwa cha Peleliu mwaka 1944, alikuwa akiandika vijidokezo kwenye Agano Jipya alilobeba, na alitoa kitabu mwaka 1981. Ndani yake anaeleza wenzake waking'oa meno ya dhahabu ya Wajapani waliokufa, kisha anakiri kwamba naye siku moja aliinama kufanya hivyo. Mwuguzi wa kikosi akamzuia, akamtajia vijidudu vya maradhi. Sledge alikuja kutambua kwamba mwuguzi yule hakuwa na shida na vijidudu. Alikuwa anajaribu kumwokolea utu wake. Mara ngapi mmesoma kitabu cha vita mkakutana na mtu wa namna hiyo, aliyesimama kwa sentensi moja kati ya mtu na jambo asingeweza kulirudisha? Katika kitabu chenu yumo. Ni yule koplo anayesema “twende” kwenye sura ya tano. Rudini mkamtazame.

Kijana uliyesema uliifurahia sura ya shambulio na kuisoma mara mbili, wenzako walikuonea. Umri wako hata mimi moyo ulinidunda kwa habari kama hizo, na mwandishi mwenyewe anakiri alifurahi mbio zile kabla hajaona waliobaki nyuma. Alikuonyesha kitu cha kweli kuhusu vita, kwamba vinavutia. Ungeificha furaha hiyo ndipo ningeogopa.

Lakini pendekezo la kukiondoa kitabu kwenye orodha yenu na kuwazuia wadogo wasikione, hilo nalipinga, na nalipinga hasa kwa sababu ya neno lililotumika. Mei 1933 mjini Berlin, chini ya utawala wa Wanazi, vitabu vya Erich Maria Remarque, Mjerumani aliyeandika riwaya za vita, vilitupwa motoni kwa tamko kwamba vinawasaliti askari wa Vita Kuu. Remarque alikuwa askari huyo huyo. Alijeruhiwa mwaka 1917. Waliotupa wengi walikuwa wanafunzi, vijana wadogo ambao vita hivyo viliwapita. Baada ya miaka sita walianza kupelekwa vitani wao. Sisemi ninyi ni wao. Nasema neno “msaliti” lina njia yake, na mimi sipendi inakoelekea. Aliye na umri mdogo asubiri, asome na mtu mzima karibu. Anayeshindwa kuendelea aruke kurasa au aache kabisa, na asiulizwe sababu.

Nimalizie na wewe binti uliyetoka nje, kama utakuwa umesoma hadi hapa. Najua sasa unataka kwenda nyumbani ukamwulize baba yako kama naye aliona, kama naye alifanya. Usimwulize hivyo. Sisi tukiulizwa kama tuliua, mlango unafungwa, na tunaufunga hata kwa watoto tunaowapenda kupita roho zetu. Subiri mkiwa mnafanya kazi nyingine, mikono yake ikiwa na shughuli, macho yake yakiwa mbali na yako. Mwulize rafiki yake alikuwa nani. Halafu nyamaza, hata akikaa kimya mpaka mmalize kazi. Swali hilo litabaki naye, na siku nyingine ataliendea mwenyewe.

Kikao kijacho nitakuja. Nimeweka alama kwenye ule ukurasa wa yule aliyeinua mikono, na ningependa tuusome tena polepole, binti wa kizimbani akisoma kwa sauti.

Mzee wenu,
karani wa zamani