Roboti ya Kufagia Iliyoogopa Sebule Yangu

Jinja, Uganda

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Kampala.

Ndugu Meneja,

YAH: KUDAI KURUDISHIWA SHILINGI 1,450,000

Mimi ndiye yule mama wa Jinja aliyewapigia simu mara tano mwezi huu. Kwa kuwa kila anayepokea huniambia nieleze upya, sasa naandika.

Nilinunua kwenu roboti ya kufagia ambayo pia hupiga muziki na kucheza na watoto. Kabla ya kulipa nilimwambia kijana wenu wa mauzo kwamba sebule yangu ina vigae vyeusi na vumbi letu ni lile jekundu la murram. Akanijibu, "Mama, hii inafagia popote." Akaiwasha palepale dukani, juu ya vigae vyenu vyeupe.

Nyumbani, chumba cha watoto ilikifagia vizuri, sikatai. Watoto wa jirani walijaa mlangoni kama kuna harusi. Ilipofika sebuleni ikasimama, ikarudi nyuma, ikazunguka, ikatangaza kwa Kiingereza kwamba iko ukingoni mwa shimo. Siku tatu nzima inaogopa sebule yangu!

Fundi wenu alinieleza kwa simu, na maelezo yake niliyaelewa. Chini ya roboti kuna vitambuzi vinavyopiga miale isiyoonekana. Miale ikigonga sakafu na kurudi, roboti inajua pana pa kukanyaga. Rangi nyeusi huimeza miale hiyo, basi roboti inadhani ni korongo. Sawa. Lakini jambo hilo lilijulikana kwenu kabla hamjapokea pesa zangu, na rangi ya vigae niliitaja mwenyewe.

Halafu fundi huyohuyo akanishauri nibandike karatasi nyeupe juu ya vitambuzi. Nikabandika. Roboti ikapata ujasiri: ikafagia sebule yote, ikatafuna nyuzi za mkeka wa mama mkwe, ikapita mlango wa baraza uliokuwa wazi, ikashuka ngazi nne kwa kishindo. Gurudumu moja limeng'oka na kifuniko kimepasuka.

Jibu lenu la sasa ni kwamba dhamana imekufa kwa sababu "mteja amechezea vitambuzi". Mteja alichezea kwa agizo la nani? Ujumbe wa fundi bado uko kwenye simu yangu, pamoja na picha aliyonichorea mshale pa kubandika.

Mkeka siudai, huo nimeshauombea radhi kwa mwenyewe. Nadai bei ya roboti. Sheria ya Uganda ya mwaka 2017 kuhusu uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma inataka kitu kifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimtajia muuzaji. Mimi niliitaja, tena kwa sauti, mbele ya dada yangu.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Msinipe nyingine ya aina ileile. Vigae vyangu havitabadilika rangi. Roboti iko ndani ya boksi lake na chaja yake, karatasi bado zimebandikwa. Nimeambatisha nakala ya risiti na ujumbe wa fundi. Mtu wenu aje kuichukua siku yoyote baada ya saa kumi jioni, na gharama ya usafiri iwe juu yenu.

Wenu mteja,
Mama wa Jinja