Zafarani ya shamba gani?

Mchungaji, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Nina miaka 26, nauza viungo katika duka moja hapa Mji Mkongwe. Wageni wakishatembezwa mashamba ya Kizimbani, mapapasi, wale vijana wanaowaongoza, huwaleta kwetu. Karafuu yetu nzuri, mdalasini mzuri, hapo sina la kusema. Kinachoninyima usingizi ni zafarani.

Zafarani hailimwi Zanzibar. Nyingi inatoka Iran, na ua moja hutoa nyuzi tatu tu, ndiyo maana bei yake kali. Yetu inakuja na boti kutoka Dar, imejaa gunia. Gunia zima la zafarani, jamani! Siku moja nilitia nyuzi chache kwenye glasi ya maji baridi. Maji yakageuka rangi ya chungwa papo hapo, harufu hakuna. Ya kweli hutoa rangi polepole, na uzi wenyewe hubaki mwekundu.

Tajiri wangu ni Mkristo, tunasali kanisa moja. Simu ya duka ninayo mimi, matangazo naandika mimi. Akaniambia niandike: "Zafarani ya shambani kwetu, zimebaki pakiti tano." Stoo kuna maboksi. Nikaandika. Mzigo ukaisha kwa wiki mbili, nikapewa shilingi 50,000 ya asante, na Jumapili nikatoa fungu la kumi humo humo. Tangu hapo Mathayo 5:37, ule mstari wa "Ndiyo, ndiyo; Siyo, siyo", siufikishi mwisho.

Nilipomgusia tajiri alicheka. "Mwanangu, mgeni akipika wali kwao ukatoka wa njano, si amefurahi? Nani kaumia?"

Aliyenichoma hasa ni kaka wa duka la jirani, Mwislamu. Alinisimulia Mtume wao alivyotia mkono kwenye rundo la nafaka sokoni, akakuta chini kumelowa, akasema anayeghushi si katika sisi. Alisema kama utani tu, nami nikajifanya napanga pakiti.

Kusifia mali sioni ubaya. Karafuu naisifia mpaka koo linakauka. Nilishauri tuandike "rangi ya wali" na bei tushushe, tajiri hataki. Kuacha kazi naogopa, mdogo wangu anasoma kwa mshahara huu.

Sasa Mchungaji, nikikaa kimya, pakiti ikajisemea yenyewe na mgeni akaamini, bado nitakuwa nimemdanganya mimi? Na ile elfu tano iliyokwisha kuingia kapuni, naifanyaje?

Muuza viungo, Unguja