Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Kushona kwa Jicho

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kushona viraka, assalamu alaykum.

Mwaka jana taarifa niliisoma nikiwa nimesimama, maana kiti changu kilijaa matambara. Leo nimekaa. Matambara yamo ndani ya magunia mawili chini ya meza, na hatutawanyiki hapa mpaka yapate wenyewe. Katibu ameshaniambia kwamba kwake hayarudi.

Ya kawaida nayapita mbio. Tulikutana kila Jumamosi ya pili baada ya alasiri, isipokuwa Ramadhani. Tumepata wanachama wapya wanne, na mmoja ametuaga amehamia Pemba. Ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka uliopita. Hesabu atazisoma mweka hazina, na maswali ya fedha aulizwe yeye, mimi nisitafutiwe lawama.

Lililotushughulisha hasa ni lile la mwezi wa tatu, baadhi yenu mlipotaka tuweke kando chaki na futi, tushone kwa jicho tu. Unaokota kipande, unakitia sindano pale kilipokaa vizuri, na hicho ndicho kinachokwambia kinachofuata kiwe kipi. Nakiri mbele yenu kwamba nilipinga. Mimi nimelelewa kwenye kofia za viua, zile zinazotariziwa vitundu kwa safu. Ukikosea tundu moja, safu nzima inakwenda upande, na bibi yangu alikuwa akiifumua mbele yako bila ya kusema neno. Kushona bila ya alama nilikuona ni uvivu uliotafutiwa jina zuri.

Kilichonigeuza ni ile siku katibu alipotuonesha picha za mifarishi, yaani matandiko ya viraka yenye tabaka, ya Wasidi wa Karnataka, India. Hawa asili yao ni Afrika. Wazee wao walivushwa bahari karne kwa karne, wengi wakiwa watumwa, na wa Karnataka wengi walipitia Goa kwa Wareno, kisha wakatorokea misituni. Mfarishi wao unaitwa kawandi. Mshonaji anatandaza sari kuukuu, anaanzia pembeni, anakunja ukingo wa kipande kwa kidole, halafu anapiga bandi fupi fupi zinazotokeza mpaka upande wa chini. Uzi ule ule unaoshika kiraka ndio unaoshika tabaka zote. Anazunguka ukingo mpaka arudi alipoanzia, anaingia mzunguko wa ndani yake, na hivyo hivyo mpaka akutane na katikati. Kwenye pembe nne anatia vijipande vilivyokunjwa, wanaviita phula, yaani maua. Kawandi isiyo na phula, wanasema, iko uchi.

Tukajaribu. Jumamosi ya kwanza hakuna aliyemaliza hata ukingo mmoja. Kwenye kiua unajua tundu lijalo liko wapi; hapa kila baada ya shubiri unaulizwa swali jipya, na jibu liko ndani ya gunia. Nilirudi nyumbani kichwa kinauma, nikajua neno uvivu nililiweka pasipo pake.

Kazi iliyozungumzwa kuliko zote ni ile ya mwenzetu wa Jang'ombe. Alikuwa na mabaki ya kanga mbili: kwenye moja limebaki MGENI, kutoka Mgeni njoo mwenyeji apone, na kwenye nyingine HANA SABABU, kutoka Hasidi hana sababu. Hakukusudia, alikuwa anatafuta wekundu tu. Alipoviunga na kuugeuza mfarishi, tukasoma MGENI HANA SABABU. Tulicheka mpaka chai ikapoa. Halafu ukazuka ubishi: majina ya kanga yakikatika, yaachwe yasomeke au yageuzwe kichwa chini? Wazee wawili wanasema neno lililokatwa si la kuchezewa, huenda likamfikia mtu vibaya. Mimi nasema liachwe, ila mwenye kushona alisome kwa sauti kabla hajaliunga. Hatujapiga kura.

Na tukumbuke namna asili ya kanga yenyewe inavyosimuliwa: wanawake wa pwani walinunua leso za Kireno zikiwa bado hazijakatwa, wakakata sita, wakaunga tatu juu na tatu chini ili wapate nguo pana. Kwa hiyo anayetuambia kuunga vipande ni mambo ya kuiga, mwambieni akaulize nguo aliyojifunga.

Hasara mbili. Ya kwanza ni yangu. Nilileta kipande cha kanga nyekundu ambacho hakijaona maji, kikashonwa kwenye mfarishi wenye mgongo mweupe, na siku ya kuufua ukatoka wa waridi wote. Tangu hapo kila kipande kinarowekwa usiku kucha, kinafuliwa peke yake, kisha kinasuguliwa kwa kitambaa cheupe kibichi. Kikiacha rangi, hakiingii.

Ya pili, hoteli moja ya pwani ya mashariki iliagiza foronya 12 za mito, ikazirudisha zote kwa sababu hazifanani. Tulikuwa tumewaambia kwa mdomo kwamba hazitafanana. Kwa maandishi hatukuwaambia, na hilo kosa letu. Foronya saba zimeshauzwa moja moja, tano zipo. Kwa wale waliovunjika moyo: mifarishi ya wanawake wa Gee's Bend, Alabama, mingine imetokana na nguo kuukuu za kazi za shambani, na mistari yake imepinda waziwazi. Mwaka 2002 ilitundikwa kwenye makumbusho ya Whitney, New York, na mwaka 2006 ikachapwa kwenye stempu za posta za Marekani. Agizo lolote kuanzia sasa litaandikwa, na katikati ya karatasi litakaa neno "hazifanani".

Vipande tunavipata bure kwa mafundi cherehani wa Darajani, nao tunawashukuru. Lakini bure isitufanye tubebe kila kitu. Kanga na kitenge cha pamba ukikikunja kwa kidole kinatii. Poliesta inafumuka mkunjo kabla hujatia sindano. Jinzi zimetuvunjia sindano nyingi kuliko nguo nyingine yoyote, na mwenye kuzitaka ashone na kastabini kidoleni. Mwaka huu nimeshafunga vidole vya watu watatu, na sanduku la dawa halina bendeji tena.

Mwakani naomba tufanye mfarishi mmoja wa pamoja, tuanze kila mtu pembe yake na tukutane katikati. Namna ya kukutana bila ya kugombana sijaijua bado.

Sasa magunia. La kushoto ni pamba, limeshafuliwa. La kulia halijafuliwa, na chini kabisa lina jinzi.