Vidonge peke yake haviponyi fizi za vijana

Mhariri,

Kuanzia Kirumba hadi Igombe, vijana wanapoteza meno huku dawa wamemeza. Fizi zikitoa damu, mtu anakwenda duka la dawa, ananunua vidonge 10 vya rangi mbili vya amoksilini, antibiotiki yaani dawa ya kuua bakteria, damu inapungua siku chache, kisha inarudi.

Bakteria wa fizi hawaelei kwenye mate. Wamejijengea utando uliogandamana na mzizi wa jino, chini ya ufizi. Wavuvi wanaujua utelezi wa mawe ya ziwani: hata mawimbi yapige mchana kutwa hautoki, mpaka usuguliwe. Dawa nayo haiupenyi vizuri utando usiokwanguliwa.

Fizi zinazovuja damu tu, bila mfupa unaoshika meno kuliwa, hazihitaji antibiotiki hata kidogo. Kuondolewa ukoga, yaani utando huo, na kupiga mswaki vizuri mara 2 kwa siku kunatosha. Wagonjwa wengi wako katika hatua hii.

Ugonjwa wa kuogopa ni ule unaoanza karibu na balehe na kula mfupa wa magego ya kwanza na meno ya mbele. Unadanganya, kwa sababu mara nyingi meno yanaonekana safi. Jino la mbele linasogea na kuacha mwanya ambao haukuwepo, au gego linacheza. Daktari hupima kina cha mfuko wa ufizi, yaani nafasi kati ya jino na ufizi: milimita 1 hadi 3 ni kawaida, 6 kwenda juu mfupa umeshaliwa. Mgonjwa huyu asafishwe mizizi ya meno kwa ganzi, na hapo ndipo antibiotiki zinaongeza nafuu ya kweli. Dozi inayotumika sana kwa mtu mzima ni amoksilini miligramu 500 pamoja na metronidazo 400, mara 3 kwa siku, siku 7. Kwa vidonge vya 250 na 200, ni 42 vya kila dawa, si 10! Vianzwe usafishaji unapokamilika, visitangulie.

Aandike daktari, maana mwenye mzio wa penisilini anaweza kufa kwa amoksilini, ambayo ni jamii ya penisilini, na metronidazo haichanganywi na pombe. Mifuko ipimwe tena baada ya miezi 3 hivi. Ndugu wa tumbo moja nao wakaguliwe, kwani ugonjwa huu hufuata familia.

Wauza dawa, nawaomba sana: mteja wa fizi akija, muulizeni kwanza meno yake yamekwanguliwa lini.

Tabibu wa kinywa na meno,
Ilemela, Mwanza